Alama ya 4K peke yake haimpi mnunuzi picha nzuri

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowapotezea watu wa Unguja na Pemba fedha nyingi, nalo ni namna tunavyolinganisha televisheni na simu kabla ya kununua. AFCON ya 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na mashindano makubwa yakikaribia maduka ya Darajani na Chake Chake hujaa maboksi. Mnunuzi husimama mbele ya televisheni mbili, moja imeandikwa 4K na nyengine haikuandikwa, na uamuzi huishia hapo. Lakini 4K ni hesabu tu ya nukta (pikseli) zinazojenga picha, na jicho la binaadamu lina mpaka wake.

Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwenda juu, jumla yake 8,294,400. Cha HD kamili kina 1,920 kwa 1,080, yaani robo ya hizo. Televisheni nyingi za inchi 32 zina 1,366 kwa 768 tu, hata boksi likiwa limeandikwa HD kwa herufi kubwa. Mtu mwenye macho mazima hutenganisha nukta mbili zikiwa na pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii baina yao. Chini ya hapo nukta huungana, na kuziongeza hakumsaidii. Ukitaka kuitumia hesabu hiyo nyumbani, chukua inchi za televisheni uzidishe kwa 4, jibu ni sentimita. Inchi 43 zinatoa sentimita 172, inchi 55 sentimita 220, inchi 65 sentimita 260. Anayekaa mbali zaidi ya kipimo hicho hawezi kuona tofauti ya 4K na HD kamili, hata akikaza macho. Kwa kioo cha nukta 1,366 zidisha kwa 5 na nusu: ile ya inchi 32 inaonekana safi kuanzia kiasi cha sentimita 175. Sasa pima ukumbi wako. Kochi likiwa mita tatu kutoka ukutani na fedha ni za inchi 43, nukta za ziada hazitakufikia, na tofauti ya bei ni bora iende kwenye kioo kizuri zaidi au kwenye kinga ya umeme.

Sisemi 4K haina maana. Siku hizi televisheni za inchi 50 na kuendelea karibu zote ni 4K, kwa hiyo huko hakuna cha kuchagua. Ninachosema ni kwamba baina ya 4K mbili za inchi zilezile, moja inaweza kuwa nzuri na nyengine mbovu, na alama ile haitakwambia ipi ni ipi.

Kinachoingia kwenye kioo ndicho kinachotoka. Vipindi vingi vya ving'amuzi vyetu bado vina mistari 576 ya nukta kwenda juu au, vikiwa vizuri, 1,080. Wapo walionunua 4K wakaunganisha king'amuzi kwa zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Waya ya njano haipitishi zaidi ya mistari 576, hata king'amuzi kiwe cha HD, hivyo mtu ametoa fedha za nukta milioni nane anaangalia zisizofika nusu milioni, kisha analaumu televisheni. Tumia waya wa HDMI. Halafu ingia kwenye mpangilio wa king'amuzi ubadilishe kutoka 576 kwenda 1080, kwa sababu vyengine hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa 576 na hubaki hivyo mpaka mtu avibadilishe. Ukubwa wa picha uweke 16:9, ama sivyo wachezaji wataonekana wanene. Kwa intaneti, 4K inataka kasi ya megabiti 15 kwa sekunde isiyoyumba, na saa moja ya filamu hula karibu GB 7. Mwenye kununua bando za simu afanye hesabu hiyo kwanza.

Yapo pia maboksi yanayoandika 4K kwa maana kwamba chombo kinaweza kusoma faili la 4K, na kioo chenyewe ni cha HD. Njia ya kuyakamata ipo. Weka kwenye flashi video fupi ya nukta 3,840 kwa 2,160 yenye mistari myeusi na myeupe, kila mstari nukta moja. Iwe video, isiwe picha ya kawaida, kwa sababu televisheni nyingi huonesha picha za kawaida kwa nukta 1,920 hata kioo kikiwa 4K kweli, na hapo utaidhulumu nzuri. Icheze, usogee mpaka karibu ya kioo, utizame kwa kamera ya simu iliyovutwa. Kioo cha kweli kitakuonesha mistari imetengana. Cha uongo kitaigeuza kijivu, au yatatokea mawimbi.

Kwenye flashi hiyohiyo weka kurasa tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na kijivu. Nukta iliyokufa huonekana kwenye nyeupe na nyekundu. Kijivu hufichua madoa na michirizi ambayo utaiona kila mpira unapopigwa juu ya nyasi. Nyeusi itizame taa za duka zikiwa zimezimwa au ukikinga kwa mikono, uone mwanga unavuja pembe zipi. Usione haya kumuomba muuzaji. Muombe pia aziweke televisheni zote mbili katika hali moja ya picha, ile iitwayo "Movie" au "Standard". Dukani huwekwa "Vivid", yenye rangi kali na mwanga wa mwisho, ili ishinde taa za duka na ya jirani yake. Ukilinganisha moja ikiwa Vivid na nyengine Standard, umelinganisha mpangilio, hukulinganisha vioo.

Kuhusu aina za kioo, wengi wanaamini LED, QLED na OLED ni ngazi tatu za kitu kimoja. LED na QLED zote ni kioo cha LCD chenye taa nyuma yake. QLED imeongezewa tabaka la chembe ndogo zinazosafisha rangi. OLED ni jengine kabisa: kila nukta inatoa mwanga wake na inazimika yenyewe, kwa hiyo weusi wake ni weusi wa kweli. Lakini nukta zake huchakaa, na anayeacha chaneli moja yenye nembo ileile saa kumi kwa siku, kama tunavyoona mikahawani, ataikuta nembo imeganda kwenye kioo. Kwa matumizi hayo OLED haifai. Ndani ya LCD zenyewe kuna vioo vya VA, ambavyo weupe wake huuzidi weusi mara 3,000 au zaidi, na vya IPS, ambavyo huishia karibu mara 1,000 lakini havipotezi rangi ukikaa pembeni. Familia inayojaa ukumbi mzima, watoto mkekani na wazee pembeni, inafaa IPS. Anayeangalia usiku, taa zimezimwa, amekaa mbele, VA itampendeza zaidi. Alama ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa baina ya mwanga na kiza, kwenye televisheni ya bei ndogo ipuuze. HDR inahitaji mwanga mkali, na kioo cha niti (kipimo cha mwangaza) 250 au 300 hakina mwanga huo.

Nakuja kwenye kinachoziua televisheni hizi hapa kwetu, kwa sababu kulinganisha bila kuuliza chombo kitadumu vipi ni nusu ya kazi.

Ugonjwa wa kwanza ni taa za nyuma. Sauti ipo, picha hakuna. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kutoka karibu: ukiona picha hafifu ikienda, kioo ni kizima, taa ndizo zilizokufa. Ndani mna vijiti vya taa vilivyofuatana kwenye njia moja ya umeme, na ikifa taa moja njia nzima hukatika. Sababu kubwa ni joto. Kiwandani mwanga huwekwa asilimia 100, na kwa hewa yetu, televisheni imebanwa kabatini, taa huchemka. Teremsha mwanga wa taa mpaka 50 au 60 siku unayoifungua. Picha itatosha kabisa usiku, na taa zitaishi muda mrefu zaidi. Kubadilisha vijiti ni kazi inayolipa. Kioo kilichopasuka au kilichotoa mistari ya kusimama hakilipi, kwa sababu bei ya kioo hukaribia ya televisheni nzima.

Mistari ya kusimama mara nyingi huletwa na usafi. Kwenye ukingo wa kioo kuna utepe mwembamba unaounganisha kioo na bodi, na mtu akipuliza maji au dawa ya vioo, tone huteremka, huingia ukingoni na kuula utepe ule. Tumia kitambaa laini kilicholowa kidogo na kukamuliwa, usipulize chochote juu ya kioo. Mjusi naye ni adui asiyehesabiwa. Hufuata joto, huingia kwenye matundu ya nyuma, akagusa sehemu mbili za bodi ya umeme kwa pamoja, wakaungua yeye na bodi. Wavu mwembamba wa plastiki juu ya matundu, usiozuia hewa, unamzuia.

Umeme ndio mkubwa wao. Watu hununua stabilaiza nzito kwa ajili ya televisheni, na mara nyingi si lazima. Soma kibandiko cha nyuma: kikisema volti 100 hadi 240, televisheni yenyewe inavumilia umeme mdogo. Isichovumilia ni umeme uliozidi. Waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, ukilegea au ukikatika kwenye nguzo, nyumba moja inaweza kupata volti zinazokaribia 400 badala ya 230, na ndani ya sekunde chache bodi za mtaa mzima huungua. Kinachotakiwa ni kinga inayokata umeme ukipita volti 260 hivi na kuchelewa dakika moja mpaka tatu kabla ya kuurudisha, maana pale unaporudi ndipo unaporuka zaidi. Wakati wa masika chomoa na waya wa antena. Radi hupitia huko pia, na kinga ya soketi haiwezi kuizuia.

Kwa televisheni za mtumba, kibandiko hicho ni muhimu zaidi. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa volti 100 peke yake, na ukizichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 huungua hapohapo. Ukiziwekea transfoma zitawaka, lakini king'amuzi chao cha ndani ni cha mfumo mwengine na hakitashika chaneli za hapa, zinazorushwa kwa mfumo wa DVB-T2. Zilizotoka Marekani zina tatizo hilohilo la chaneli. Mtumba wowote uwashe nusu saa nzima kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa ubovu mwingi hujificha mpaka chombo kipate moto.

Wenzangu wa Pemba nawaongezea moja. Televisheni inayopanda boti kutoka Unguja au Dar es Salaam isafiri imesimama wima, katika boksi na maboya yake, yale mapovu magumu ya kukikinga kioo. Ikilazwa, kila wimbi hukunja kioo katikati, na mzigo ukiwekwa juu yake ndiyo basi. Ifunguliwe na iwashwe mbele ya aliyeileta, Mkoani hapohapo kama umeme upo, kabla ya kupakiwa gari ya Wete. Ufa unaoonekana nyumbani hauna wa kuulipa.

Anayeishi nyumba ya Mji Mkongwe na anataka kutundika ukutani ajue kwamba ukuta wa mawe na chokaa si tofali la saruji. Ukitoboa kwenye chokaa, plagi itashika leo na baada ya muda itatoka na unga. Tafuta jiwe, toboa ndani ya jiwe, tumia skrubu ndefu ya sentimita 8 au zaidi, na pima matundu ya nyuma ya televisheni kwa milimita, kwa mfano 200 kwa 200, kabla ya kununua chuma cha kutundikia.

Matumizi ya umeme nayo yaingie kwenye ulinganishaji. Televisheni ya wati 100 ikiwashwa saa sita kwa siku hula uniti 18 kwa mwezi wa siku 30. Ya wati 40 hula uniti 7 na kidogo. Wati zimeandikwa nyuma, na mwenye tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, anajua bei ya uniti yake.

Kwenye simu nitafupisha, kwa kuwa udanganyifu wa namba ni uleule. Kioo cha simu ya inchi 6.6 chenye nukta 720 kwa 1,600 kina nukta 266 kwa kila inchi. Chenye 1,080 kwa 2,400 kina karibu 400. Kwa umbali wa sentimita 30 jicho linafika kiasi cha 290. Basi kutoka 720 kwenda 1,080 utaona tofauti ndogo kwenye maandishi, na kupanda zaidi ya hapo hutaona kitu. Kamera ya megapikseli 108 huunganisha nukta tisa kuwa moja na kukupa picha ya 12. Ya 50 huunganisha nne, ikakupa 12 na nusu. Zile kamera mbili za pembeni za megapikseli 2 zimewekwa ili mgongo wa simu uonekane umejaa. Piga picha mbili ndani ya duka, mtu akiwa amesimama dhidi ya mlango wenye jua, na ulinganishe nyuso. Hapo utajua zaidi kuliko karatasi nzima ya namba.

Kumbukumbu ndipo watu wanapoumia zaidi. Simu inayoandikwa "8GB" na chini yake kwa herufi ndogo 4+4 ina GB 4 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Nne za pili zimekopwa kutoka kwenye ghala la mafaili, ambalo ni zito mara nyingi zaidi. Ghala nalo lina aina. Ile ya eMMC husoma karibu MB 300 kwa sekunde, ya UFS 2.2 hukaribia MB 1,000. Hiyo ndiyo sababu simu mbili zenye RAM sawa, moja hufungua WhatsApp papo hapo na nyengine humuweka mtu akingoja, hasa ghala likikaribia kujaa. Muulize muuzaji aina ya ghala. Asipojua, jina kamili la simu liingize kwenye intaneti kabla hujaondoka kaunta, na hapohapo utizame kampuni imeahidi masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Simu yenye fedha zako ndani, isiyopata masasisho, ni hatari.

Kabla ya kulipa bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, ilinganishe na ya boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 upate jina na aina ya simu. Simu bandia zilifungiwa nchini Juni 2016 na ukaguzi huo ungalipo. Kwa simu ya mtumba hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa mwanzo imeondolewa na simu imewashwa upya mbele yako. Na simu inayotoka nje ulizia kama inashika 4G ya MHz 700 na 800, ambayo ni bendi 28 na 20, kwa kuwa masafa hayo ya chini ndiyo yanayofika mbali vijijini na kupenya kuta nene. Baadhi ya simu za soko la Marekani hazina bendi 20.

Nataka kumalizia simu kwa maji ya bahari, kwa sababu hapa kwetu hilo ni jambo la kila siku, kwa wavuvi, kwa akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, na kwa vijana wa boti za watalii. Alama ya IP68, ya simu yenye kinga ya maji, hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, aghalabu mita moja na nusu kwa dakika 30, simu ikiwa mpya. Maji ya chumvi hayamo katika kipimo hicho, na simu iliyofunguliwa na fundi kubadilishwa kioo imeshapoteza gundi yake ya kuzuia maji. Simu yenye IP68 ikiingia baharini, izime, isuuze kwa maji baridi, ifute, na usiichaji siku nzima. Isiyo na kinga izime papo hapo, usijaribu kuiwasha kuona kama ni nzima, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo aitoe betri na kuisafisha bodi kwa spiriti safi ya asilimia 99. Chumvi pamoja na umeme wa betri ndivyo vinavyoila shaba ya bodi, na kazi hiyo huendelea ikiwa mfukoni. Kuitia kwenye mchele hakusaidii. Mchele hauondoi chumvi, na unga wake huziba tundu la chaji.

Ndugu Mhariri, haya yote yangekuwa mepesi kama kila chombo dukani kingekuwa na kikaratasi pembeni mwake. Naiomba Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na Taasisi ya Viwango Zanzibar zilifikirie jambo hili, na wenye maduka wasisubiri kulazimishwa. Kwa televisheni: nukta halisi za kioo, aina ya kioo, volti, wati, na kama ina DVB-T2. Kwa simu: RAM halisi bila ya kukopa, aina ya ghala, bendi za mtandao na miaka ya masasisho. Kwa vyote viwili: waranti ni ya muda gani, nani anatengeneza, na kama chombo kilichouzwa Pemba kitatengenezwa Pemba au mnunuzi atalipa nauli ya kukivusha. Gazeti lako nalo likitenga safu ya kulinganisha vyombo viwili vitatu vinavyouzwa madukani kwa wakati huo, vikapimwa mbele ya watu kwa flashi ile niliyoieleza, mafundi wa visiwa vyote viwili tupo tayari kuja na vifaa vyetu.

Wako,
Fundi wa televisheni na simu,
Chake Chake, Pemba